Kipande cha Mstari Mwekundu

Saini ya Agnès ilikuwa nzuri, na mwenyewe alijua kuwa ni nzuri. Herufi A kubwa yenye mkia, mawimbi mawili, halafu nukta moja ya kukaza. Alijifunza kuiandika akiwa bado mwanafunzi wa mambo ya dawa, akijaza nayo kurasa za nyuma za madaftari, maana alikuwa na hakika kwamba siku moja itaheshimiwa. Na kweli ikaheshimiwa. Tangu apewe cheo hakuna karto hata moja ya dawa iliyoingia wala kutoka katika maduka matano ya Papa Firmin bila saini ile. Leo hii ukimpa Agnès kalamu asaini kitu, hata kama ni cha kupokea mzigo tu, anasoma karatasi mara mbili, anaigeuza aone kama nyuma kuna neno, na bado mkono wake unasitasita.

Mambo yalianzia Kasha na yakaishia Kasha, kwa hiyo tuanze huko huko. Ni pale juu Bagira, mahali ambapo mji wa Bukavu unachoka na mashamba yanaanza. Karibu na soko, Papa Firmin, muuguzi aliyekuwa amechoka kupokea amri za wengine, alifungua chumba kimoja cha mbao chenye rafu nne, akakiita Pharmacie Firma. Ukidhani alikuwa mtu wa kupenda jina lake, hujakosea. Nyuma ya meza akamweka Maman Nsimire. Baadaye likaja duka la Kadutu, la Essence, la Nyawera, na la tano kule Walungu, lakini Nsimire alibaki Kasha miaka kumi na tisa. Kwa watu wa huko Firma lilikuwa jina la kwenye kibao tu. Wao walisema wanaenda kwa Nsimire.

Nsimire hakuwa na diploma ya kutundika ukutani. Alikuwa na cheti cha zamani cha uuguzi kilicholiwa na panya pembeni, na alikuwa na macho. Agnès alifanya staji, mafunzo ya kazi, kwake miezi sita, msichana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na majina mengi magumu kichwani. Ni Nsimire aliyemfundisha kuhesabu vidonge kwa mpini wa kijiko bila kuvigusa, kunusa siro, dawa ya maji, kabla ya kuiuza, na kumwuliza kila mgonjwa swali moja kabla ya mengine yote: umekula nini leo? Agnès alipouliza kwa nini, akajibiwa, "Juu dawa inaingia mu tumbo, haiingie mu ordonnance, mu karatasi ya docta." Alicheka siku ile, na alimpenda yule mama.

Na ni Nsimire mwenye mtindo wa vipande. Mtu akinunua dawa ya kila siku, ya presha au ya sukari au ya kifafa, Nsimire alichana kipande cha karto, boksi la dawa ile, upande wenye rangi, akampa mkononi. "Chunga hii. Ikiisha uniletee." Watu wakavichunga. Wengine katika pindo la kikwembe, wengine ndani ya kitabu cha nyimbo za misa, mzee mmoja ndani ya kofia. Wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuwa na haja ya majina yale ya kuvunja ulimi. Walijua rangi. Ile ya mstari mwekundu, ile ya njano, ile ya bleu yenye jua kidogo pembeni. Nyumba yenye wagonjwa wawili, kila mmoja alikuwa na rangi yake, na mambo yalikwenda.

Agnès alipofanywa directrice, mkuu wa maduka yote matano, aliandika mkakati kwa siku nne, na tusimwonee, ulikuwa mkakati wenye akili. Aligundua kwamba vipande vile ndivyo vilivyokuwa vinawatorosha wateja. Mtu ana kipande chake mfukoni, anashuka nacho mjini, anakionyesha katika duka lolote la dawa, anapewa, na Firma wamesahauliwa. Basi yeye akapendekeza hivi: dawa zinunuliwe katika makopo makubwa ya vidonge elfu moja, zipelekwe depo ya Nyawera, zifungwe huko katika sashe, vifuko vidogo vyeupe vyenye jina la Firma kwa rangi ya kijani, na jina la dawa lipigwe chini kwa herufi ndogo za mashine. Maduka matano, sura moja. Mteja akikumbuka kitu, akumbuke Firma. Na vipande vikomeshwe kabisa.

Papa Firmin aliusoma mkakati ule akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi. "Agnès, weye uko na kichwa," alisema. "Njo ile nilikuwa natafuta miaka yote." Kabla juma halijaisha alikuwa ameagiza sashe elfu thelathini.

Wauzaji wa maduka yote waliitwa Nyawera kuelezwa. Agnès alieleza vizuri, kwa kutulia, akiwa na sashe moja mkononi. Alipomaliza, Nsimire aliinua kidole.

"Batu ba Kasha banasomaka rangi," alisema. "Ukibapatia sashe nyeupe zote, mutu atajua ya kwake aje?"

"Jina litakuwa limeandikwa juu, maman."

"Najua litaandikwa. Nauliza nani atalisoma."

Watu walicheka kidogo. Agnès alihisi kicheko kile kinamwendea yeye, directrice wa wiki tatu, na hapo ndipo alipotoa neno ambalo hadi leo linamrudia akiwa anapika, akiwa kanisani, akiwa anachana nywele. "Maman Nsimire," alisema, "hii ni pharmacie. Haiko école maternelle ya watoto. Hatuuzishe rangi."

Sasa wakacheka kwa nguvu, na safari hii ni Nsimire waliyekuwa wanamcheka. Yule mama aliketi, akakunja kikwembe chake juu ya magoti. Agnès aliona vizuri kabisa jinsi alivyoketi. Akajiambia kwamba kazi ni kazi, maneno ambayo mtu mwenye cheo kipya hujiambia kila anapofanya jambo la aibu. Jioni ile note de service, waraka wa kukataza vipande, ilikuwa tayari, na chini yake ile A yenye mkia.

Miezi miwili ikapita. Essence na Nyawera, kwa watu wa shule, mauzo yalipanda. Kasha nako hapakuwa na malalamiko, na Agnès akafurahi, mpaka Jumanne moja alipopanda kukagua akaona kwa nini hapakuwa na malalamiko. Nsimire alikuwa anachora. Kila sashe aliyoitoa aliigeuza kwanza, akachora nyuma yake kwa kalamu ya bic: moyo kwa dawa ya presha, kijiko kwa dawa ya sukari, mwezi kwa kifafa. Hakuwa na mkono wa kuchora hata kidogo. Ule moyo ulikuwa umekaa kama kiazi. Lakini wateja walikuwa wanapokea, wanaangalia, wanatikisa kichwa, wanaenda.

"Ni nini hii?" Agnès aliuliza.

"Ni sashe yenu, Madame la Directrice. Nimeongezea kidogo tu."

Hapo zamani alimwita Agnès, au mutoto yangu. Cheo chote kile, kikitoka kinywani mwa Nsimire, kilimchoma. Angeweza kucheka. Angeweza kuchukua sashe moja yenye moyo wa kiazi, kumpelekea Papa Firmin na kumwambia, tazama, huyu mama ametuonyesha tulichosahau. Mara ngapi amelirudia jambo hilo kichwani, na kila mara linakuwa rahisi zaidi. Lakini juma lililofuata wageni kutoka kwa msambazaji wa dawa walikuwa wanakuja kutembelea maduka, na yeye alitaka wakute maduka safi. Akasaini karatasi nyingine. Nsimire ahamishiwe depo ya Nyawera, kwenye mashine ya kufunga sashe. Kasha apelekwe Merveille, msichana mwenye diploma, mwepesi, mwenye heshima, anayejua kompyuta.

Merveille hakukosea kitu, hilo liwekwe wazi. Aliuza kama alivyoagizwa na Agnès.

Huko Kasha, nyuma kidogo ya kanisa, waliishi Maman Rosalie na mumewe, Papa Déogratias. Rosalie alichuuza sambaza. Kila alfajiri alishuka hadi ziwani kuwachukua wale samaki wadogo, akapanda nao sokoni, na kwa kawaida hakula kitu mpaka jioni. Alikuwa na presha. Papa Déogratias alikuwa mlinzi wa shule hadi macho yake yalipoingia ukungu. Yeye ana ugonjwa wa sukari. Presha ilikuwa mstari mwekundu, sukari ilikuwa njano. Na desturi ya nyumba ile ni kwamba mzee ndiye aliyempa mkewe dawa. Kila asubuhi, kabla Rosalie hajatoka, alishika karto karibu na dirisha akaona ni nyekundu, akatoa kidonge, akakiweka katika kiganja cha mkewe pamoja na kikombe cha chai. Aliipenda kazi hiyo. Alisema macho yamemnyang'anya kazi nyingine zote, imebaki hii moja, na hamwachii mtu. Hata sashe nyeupe zilipokuja aliendelea, maana moyo na kijiko vya Nsimire aliweza kuvitofautisha akivisogeza karibu na pua.

Mwezi ule dawa zilipoisha, Rosalie alienda akamkuta Merveille. Merveille alimpa sashe mbili akamweleza vizuri: hii ya presha, hii ya sukari, kidonge kimoja kimoja kila asubuhi. Rosalie akaziweka katika kikapu pamoja na nyanya na unga wa muhogo. Alipofika nyumbani akazitoa, na kwa kuwa hakujua kusoma, hakujua tena ipi ni ipi. Mzee alizisogeza dirishani, moja kila mkono. Akazigeuza kutafuta moyo na kijiko. Hakuna. Nyeupe na nyeupe, na vidonge vya ndani vyeupe pia.

"Nadhani ya kwangu njo ile," alisema Rosalie, "sababu ilikuwa juu ya nyanya."

"Urudi umuulize ule mutoto."

"Nitamuulizaje tena? Alishaka kunieleza. Atasema huyu maman ni mujinga."

Kwa Nsimire angerudi mara kumi, akicheka. Kwa msichana wa kompyuta aliona haya. Ndivyo tulivyo huku kwetu, mtu atabeba shaka yake mwaka mzima kuliko kuonekana hajui. Basi wakagawana kwa kukisia, na kila mmoja akawa anakunywa dawa ya mwenzake.

Dawa ya sukari ukimpa mtu asiye na sukari, halafu mtu huyo anashuka ziwani na kupanda mlima na chai kavu tumboni, inamaliza kile kidogo alicho nacho. Siku ya tatu, pale sokoni, Rosalie alianza kutetemeka na kutoka jasho. Wenzake wakasema ni malaria. Alimwomba jirani amtazamie samaki, akaegemea ukuta, akafumba macho, nao wakamwacha apumzike kwa huruma. Walipojaribu kumwamsha mchana hakuamka. Walimbeba kwa moto, yaani pikipiki, hadi kituo cha afya, akatiwa serumu ya sukari mshipani, lakini alikuwa amelala muda mrefu mno. Alifariki siku ya pili yake bila kusema neno.

Merveille alimpigia Agnès simu analia. Alikuwa amesikia kwa muuguzi wa kituo kwamba sukari ya yule mama ilikuwa karibu imekwisha katika damu, na alikumbuka sashe mbili, na kikapu. Agnès hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikaa chini kwenye sakafu ya ofisi, mgongo kwenye kabati, na hofu ikamjaa hadi kwenye meno.

Papa Firmin alipoambiwa alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulikuwa umepauka. "Enda ku kilio," alisema. "Peleka muchele, peleka mafuta, ukae na bamaman, ulie nabo. Lakini usifungue mudomo juu ya sashe. Ukifungua, duka zote tano zinafungwa, na batu makumi mbili na sita banabaki mu barabara, na Merveille njo wa kwanza. Umesikia?"

Agnès alisikia.

Kilio kilikuwa chini ya turubai mbele ya nyumba, mabenchi ya kuazima kanisani, wanamama wanaimba polepole. Papa Déogratias alikuwa amevaa koti lake la zamani la ulinzi. Mtu alimnong'oneza kwamba huyu aliyekuja ni docta wa Firma, naye akainua uso, akaingiza mikono mifukoni, akatoa sashe mbili, moja kila mfuko, jinsi alivyokuwa amezitenga.

"Mutoto yangu," alisema, "weye uko mutu wa dawa. Nisomee." Akainua mkono wa kuume. "Hii njo nilikuwa namupatia Rosalie."

Agnès aliichukua. Herufi zilikuwa ndogo, jinsi alivyotaka ziwe, lakini yeye alizisoma mara moja. Ilikuwa dawa ya sukari.

"Ni ya nani?" mzee aliuliza.

Wanamama walikuwa wamepunguza sauti. Maneno yalikuwepo, na hayakuwa mengi. Papa, ni kosa letu, mimi ndiye niliyezifanya zifanane. Mtu anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Yalifika hadi kooni, na hapo akaona maduka matano yamefungwa, akamwona Merveille barabarani, na akajiona mwenyewe, tusimfiche, akajiona yeye mwenyewe mbele ya watu wote wale, na saini yake.

"Papa," alisema, "tumuachie Mungu. Saa yake ilikuwa imefika."

Mzee alibaki ameelekeza uso kwake, akingoja kama kuna kingine. Hakikuja. Akainamisha kichwa.

"Basi ni mukono wangu," alisema, wala hakuwa anauliza.

Na Agnès hakusema hapana. Alimrudishia sashe, akakaa na wanamama, akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, na hayakumsaidia mtu.

Kesho yake aliingia depo mapema. Nsimire alikuwa tayari mbele ya mashine.

"Ulienda?" Nsimire aliuliza.

"Nilienda."

"Ulimuambia?"

Agnès alitazama sashe zilizojaa ndani ya beseni. "Maman, tuende pamoja. Weye atakusikia. Umuambie weye."

Nsimire alizima mashine. Alimtazama, na hapakuwa na hasira katika macho yake. Ingekuwepo, Agnès angeshukuru. "Note ilikuwa na saini ya nani?"

"Ya kwangu."

"Sasa mi nitasema nini pa nafasi yako?" Akavua koti la kazi, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti. Juma lile lile alienda Walungu kwa dada yake kulima, na hakurudi tena kwenye dawa.

Lakini Agnès alifanya kitu, maana hakuweza kukaa hivi hivi. Alimwendea Papa Firmin kila siku kwa siku tisa, akakataa kutoka ofisini kwake, mpaka akakubaliwa: kila dawa iwe na mstari wake wa rangi juu ya sashe, mwekundu kwa presha, njano kwa sukari, na picha nyuma. Moyo, kijiko, mwezi. Picha zilichorwa na fundi, moyo ukawa moyo. Papa Firmin alikubali akikunja uso, lakini sashe zilipotoka akaanza kutabasamu. Watu walizipenda. Wanamama wa Kadutu walikuja kuuliza ile pharmacie ya rangi. Miezi mitatu haikupita, duka jingine la dawa lilikuwa limeiga. Papa Firmin akafungua duka la sita, akaweka mabenchi na muziki, akamwita Agnès mbele ya wageni na kusema kwamba wazo hili lote limetoka kwenye kichwa cha huyu mutoto. Watu wakampigia makofi. Alisimama pale akiwa na ua mkononi, akapigiwa makofi kwa ajili ya mstari mwekundu.

Ni Merveille aliyemwambia kwamba Papa Déogratias haji kununua dawa. Tangu kilio mpaka deuil ikatolewa, siku za matanga zikaisha, hajaonekana dukani hata siku moja, na hajamtuma mtu. Agnès alichukua sashe ya mstari wa njano, akapanda Kasha Jumamosi asubuhi.

Alimkuta mzee ameketi karibu na dirisha, bidoni ya maji miguuni na kikombe mkononi. Alikuwa amekonda hadi koti likawa la mtu mwingine. Alikunywa maji, akajaza, akakunywa tena, na kwenye kidole cha mguu alikuwa na kidonda alichokifunga kitambaa. Agnès alielewa kabla hajaketi. Huyu alikuwa anajifia polepole kwa sukari, na kwa hiari yake.

Basi akasema. Alisema yote, tangu mwanzo, bila kupamba: vipande, sashe nyeupe, kicheko cha Nyawera, picha za Nsimire, saini ya kwanza na saini ya pili, na lile alilolisoma siku ya kilio akalimeza. "Haiko mukono wako, papa," alimaliza. "Ni wa kwangu. Ni mimi nilimuua Maman Rosalie."

Mzee alikuwa amesikiliza kwa kuinamisha kichwa upande mmoja. Alipohakikisha kwamba amemaliza, alitabasamu, na ni wazi kwamba uso ule haukuwa umetabasamu siku nyingi.

"Umepanda mulima yote hii juu ya kuniambia vile?"

"Ni kweli, papa."

"Rosalie alikuwa anafanyaka vile vile. Nikivunja kikombe, anasema ni yeye alikiweka mubaya." Akatafuta mkono wa Agnès akaupapasa. "Aksanti, mutoto yangu. Uko na roho muzuri sana."

"Papa, sisemi juu ya kukutuliza."

"Siku ya kilio nilikuuliza," alisema mzee kwa upole, jinsi mtu anavyomsahihisha mtoto asimwumize. "Sashe ilikuwa mu mukono yako na ulikuwa unasoma. Kama ilikuwa kosa ya kwenu, ungesema siku ile. Ulinyamaza juu ulinihurumia. Nilijua."

 Ushahidi wote Agnès alikuwa nao, tarehe, karatasi, majina, na hakuna hata kimoja kilichoweza kulijibu neno lile.

Mzee alivuta kitabu cha nyimbo kutoka dirishani, akatoa kati ya kurasa zake kipande cha karto kilicholainika kwa kushikwashikwa, chenye mstari mwekundu. "Hii ilikuwa yake. Tangu wakati wa Nsimire. Chukua, mi sina tena mutu wa kutuma." Agnès akakipokea. Naye akamwekea sashe ya njano juu ya magoti, lakini mzee aliisukuma kwa nyuma ya mkono, bila kuikunjulia vidole.

"Hapana. Huu mukono hautashika tena dawa. Nilimuapia Rosalie ku kaburi."

"Na kama nikikupatia kwa wa kwangu?"

 Nje mtu alikuwa anapita anauza mikate. "Wa kwako," alisema mwishowe, "huo nitaukubali. Weye uko mutu wa kweli."

Agnès alisikia neno lile likimwingia, akalivumilia. "Umekula nini leo, papa?"

"Chai."

"Chai peke haitoshe." Akatoka akanunua mkate, akakaa mpaka mzee alipoumaliza wote, halafu akamwekea kidonge juu ya ulimi, jinsi wanavyopokea komunyo.

Tangu siku ile anapanda Kasha kila asubuhi kwa moto, kabla depo haijafunguliwa, na Jumapili anapanda baada ya misa ya kwanza. Kidonda cha mguu kimefunga. Papa Firmin anawaambia wafanyakazi wapya kwamba huo ndio mfano wa kuhudumia wateja, na Agnès amechoka kumkataza. Kile kipande anacho ndani ya pochi. Mara tatu, mara nne amejaribu kumweleza mzee tena, kwa maneno mengine, na kila mara alipapaswa mkono. Sasa hajaribu. Anauliza mzee amekula nini, anamtilia kidonge ulimini, anamshikia kikombe cha maji. Papa Déogratias anameza, anafuta mdomo, na kila asubuhi anasema aksanti, mutoto yangu, Mungu akubariki juu ya hiyo roho yako. Agnès anaitika amina, anachukua kikombe, na kwenda kukiosha.